Geukeni Mlimani

Nikisikia harufu ya soksi zilizoshinda kwenye chumba kisichopitisha hewa, namkumbuka Mwalimu wa Kompyuta. Si haki kwake, maana soksi zilikuwa zetu. Yeye hakuwahi kuvua viatu. Sheria ya kituo ilisema tuvue mlangoni, eti vumbi la Morogoro linaua mashine, na tulikuwa tunavua kweli, watu wazima wenye wajukuu, tunaingia tunanyata juu ya zulia lililotoboka. Halafu yeye anaingia na viatu vyake vyeusi vya soli nene, katoka navyo sokoni, msimu wa masika vina tope mpaka kwenye kamba, anapita katikati yetu kukagua kama miguu yetu ni safi. Jina lake nalijua lakini sitalitaja. Ana watoto, na watoto wake hawajanikosea kitu.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye jengo lililokuwa zamani duka la ushirika. Rafu za sukari na khanga za mgawo zilikuwa bado ukutani, ila sasa zilibeba nyaya. Ilikuwa enzi ya kuuza kila kitu. Viwanda vyetu vilikuwa vinapata wenyewe wapya, na kabla mwenyewe mpya hajafika, watu wanagawiwa barua za kupunguzwa. Mji mzima uliambiwa dawa ni kompyuta. Aliyepunguzwa ajifunze kompyuta, aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ajifunze kompyuta. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili, mdogo kuliko wote darasani, nimepelekwa na mjomba.

Mashine zilikuwa mitumba, kama mashati tuliyovaa. Vioo vyake vilikuwa na migongo mikubwa, na mgongo wa changu ulikuwa na jina la shule ya watoto wa Ulaya limechorwa kwa kalamu ya rangi. Hazikuwa na picha wala kipanya. Ukiwasha unapata kioo cheusi na maandishi meupe, basi, ukitaka lolote uliandike. Na hata hayo maandishi hayaji hivi hivi. Kwanza mashine inasimama, kijistari kinapepesa kwenye kona, inasubiri kuambiwa. Hapo ndipo palipokuwa na ufalme wa Mwalimu wa Kompyuta.

"Geukeni mlimani!" alikuwa akisema.

Tunageuza viti, darasa zima, tunaupa mgongo ukuta wa mashine na kutazama dirishani, kwenye milima ya Uluguru. Yeye anapita mashine moja baada ya nyingine akiingiza namba. Koti lake analifungua na kulitandaza juu ya kibodi kama kuku aliyeatamia mayai, asije mtu akachungulia. Tunasikia vidole vinagonga, tunasikia anakohoa, tunasikia kohozi linamezwa. Kisha: "Haya, rudini." Tukirudi tunakuta vioo vimejaa herufi ndogo ndogo, nyeupe, kama mayai ya chawa kwenye nywele. Ile namba ndiyo iliyopanga ukubwa wa maandishi. Alisema bila namba mashine haiwaki, na ukiiwasha bila namba, au kwa namba ya kubuni, kioo kinaungua, na aliyekiunguza atakilipa yeye na ukoo wake.

Pembeni yangu alikaa Mama Felista. Alikuwa mpiga taipu wa kiwanda cha nguo tangu mimi sijazaliwa, na barua yake ya kupunguzwa alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, yake na za wenzake wote, kwa sababu ofisi haikuwa na mpiga taipu mwingine. Vidole vyake vilikuwa havina mfano. Angeweza kupiga huku anakutazama usoni, anakuuliza habari za nyumbani, na mstari ukatoka hauna kosa. Kwao ni mlimani, juu ya Bigwa, na kila tulipoambiwa tugeuke alikuwa ananionyesha kwa kidevu.

"Mwanangu, unayaona mabati yale yanayong'aa, chini ya ile migomba? Kwa kaka yangu pale. Leo wameanika nguo. Shemeji yangu kafua."

Mimi nilikuwa naona mlima tu. Yeye aliona kamba ya nguo. Lakini tukigeuka kwenye kioo, alikuwa haoni kitu. Umri ulikuwa umeyafikia macho yake, na miwani yake ilikuwa ya kununua kwa machinga, ya kusomea misa. Herufi za kwenye karatasi aliziweza kwa kuipeleka karatasi mbali. Kioo cha kompyuta hukipeleki popote.

Jambo lililomleta pale lilikuwa moja, na sote tulilijua. Mwekezaji wa kiwanda alikuwa ametoa neno kwamba wapiga taipu wa zamani watakaofaulu mtihani wa kompyuta watarudishwa kazini, na mtihani ungefanyika hapo hapo kituoni, kwenye mashine hizo hizo. Mama Felista alikuwa mjane. Binti yake, Felista mwenyewe, alikuwa bado shuleni. Kurudi kiwandani ndiyo ilikuwa tofauti kati ya kubaki mjini na kurudi kupanda karoti kwenye shamba la kaka yake.

Alimwomba Mwalimu wa Kompyuta kwa adabu zote. Nilikuwepo. Alisimama pale na soksi zake zenye kiraka, mwanamke aliyemzidi umri, akasema: "Mwalimu, naomba hii mashine yangu uikuzie maandishi kidogo. Hata kwa siku za mazoezi tu."

"Mama, herufi kubwa ni za watoto wa chekechea," alimjibu. "Hapa ni herufi ndogo, akili kubwa."

Huo ndio ulikuwa msemo wake. Aliuandika ubaoni siku ya kwanza na haukuwahi kufutwa. Alikuwa na misemo mingine pia, yote ya aina hiyo, inayomwacha anayeambiwa akiwa mdogo. Mtu akiuliza swali, alimjibu, "Hilo utalielewa ukishaelewa." Mtu akikosea, alisema, "Taratibu, hiyo si mashine ya kusaga." Na watu walicheka. Hata mimi nilicheka, maana nani anataka kuwa wa peke yake asiyecheka.

Tabia zake za mwili sitaki kuzieleza zote, maana nitashindwa kula. Kioo kikiingia vumbi alikitemea mate na kukipangusa kwa leso ile ile aliyopengea. Tulikatazwa kuingia hata na maji ya kunywa, lakini yeye alikula mihogo ya kukaanga akiwa amekaa mbele ya kibodi yangu, na baada ya hapo herufi zangu nyingine zilikuwa zinanata, pilipili na mafuta, mpaka nikazisugua kwa njiti ya kiberiti. Ukucha wa kidole chake kidogo aliufuga mrefu, wa kuchokolea sikio, na kilichotoka sikioni alikichunguza kabla ya kukifuta chini ya meza. Meza zile chini yake zilikuwa na historia nzima.

Sasa nitasema la upande wa pili, na linanikera kulisema. Mtu huyo huyo alikuwa wa kwanza kufika kwenye misiba yetu. Mama yake Mama Felista alipofariki, alipanda mlima kwa miguu na viatu vyake vile vile, kabeba mfuko wa mchele begani, akachimba kaburi na vijana wa kule, na usiku akalala nje na wanaume wengine. Mwenzetu mmoja alipofiwa na baba yake kule Kisaki, Mwalimu wa Kompyuta alimsindikiza kwa gari, hakuombwa na mtu, akakaa huko mpaka matanga yakaisha. Kwa hiyo ukitaka kumchukia vizuri, kwa moyo mweupe, anakuharibia. Kuna watu wabaya wenye adabu ya kuwa wabaya tu. Huyu hakuwa na adabu hata hiyo.

Tena safari hiyo ya Kisaki ndiyo iliyonionyesha jinsi alivyotufunga. Haikupita hata siku moja tangu aondoke na kutuachia mashine zinawaka, umeme ukakatika, kisha ukarudi. Mashine zote zikasimama pale zinaposimama, vijistari vinapepesa, zinasubiri namba. Na mwenye namba yuko Kisaki anachota maji ya msiba. Tulikaa tukizitazama mashine. Kesho yake tukaja, tukavua viatu, tukakaa tena. Jamaa mmoja, fundi mitambo wa kiwandani aliyepunguzwa naye, mtu aliyekuwa akizima moto kwa mikono, alisogeza kidole kwenye kitufe kikubwa cha kuingizia akasema, "Vipi nikibonyeza tu?"

"Kitaungua!" tulimpigia kelele wote. "Utalipa!"

Akaurudisha mkono. Mkono ule unavyorudi nauona mpaka leo. Mama Felista alizikosa siku hizo zote za mazoezi, na mtihani ulikuwa umekaribia. Alichofanya ni kukaa kwenye kioo chenye kijistari kimoja na kupiga barua nzima hewani, vidole juu ya kibodi iliyolala.

Kuna siku namba ilimshinda mwenyewe. Tulikuwa tumegeukia mlimani kama kawaida, tukasikia kioo cha Mama Felista kinatoa mluzi mwembamba. Tuligeuka bila ruhusa. Kioo kilikuwa giza tupu, kinalia, na Mwalimu wa Kompyuta jasho linamtoka puani. Bila shaka alikuwa amekosea tarakimu. Lakini hakusema hivyo.

"Umechungulia!" alimfokea Mama Felista. "Namba haitaki kuchunguliwa!"

Mtu mwenye akili timamu alisimama katika mji wenye vyuo na kusema namba haitaki kuchunguliwa. Nasi tukamtazama Mama Felista kwa lawama. Aliomba radhi. Aliomba radhi kwa kosa la kutazama nyumbani kwao.

Siku ya mtihani walikuja watu wawili wa mwekezaji, mwanamume na mwanamke, wamenyooka nguo. Wao hawakuambiwa wavue viatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa kunakili barua kutoka kwenye karatasi, na Mama Felista aliimaliza wakati wengine wako kwenye tarehe. Yule mwanamke alisimama nyuma yake akavitazama vidole vile, akatikisa kichwa kwa kuvipenda. Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

Sehemu ya pili barua ilikuwa tayari ndani ya mashine, imewekwa makosa, unatakiwa uyasome kwenye kioo na kuyasahihisha. Mama Felista aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Akarudi nyuma mpaka kiti kikalia. Akavua miwani, akaipumulia, akaifuta kwenye kitenge, akaivaa. Kisha akanyoosha mkono, mbele ya wageni, na naijua gharama ya kunyoosha mkono ule.

"Mwalimu, nakuomba. Nikuzie herufi. Makosa nayajua, siyaoni tu."

Mwalimu angesema neno moja tu la kweli, hata kama ni dogo, yule mwanamke wa mwekezaji angemsikiliza. Badala yake aliwageukia wageni akacheka, meno yote nje, mihogo bado imo katikati.

"Hawa wazee wa taipu bwana," aliwaambia. "Wamezoea herufi za ubaoni."

Wageni wakacheka. Walikuwa wageni, walimcheka mtu waliyeonyeshwa wamcheke. Muda ulipoisha, Mama Felista alikuwa amesahihisha maneno ambayo hayakuwa na kosa na kuyaacha yenye makosa. Hakuchukuliwa. Mlangoni alitafuta viatu vyake kwa muda mrefu. Kimoja kilikuwa kimekanyagwa na soli nene, kisigino kimelala, na tope limekauka ndani yake. Nilipiga magoti nimsaidie kufunga.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "mimi si mjinga."

Alipanda mlima wiki ile ile. Kwa miaka mingi nilimwona sokoni asubuhi, ameshusha tenga la karoti na kabichi kichwani, na tukisalimiana alikuwa anasema kwa utani wa kujiumiza, "Mwenzio kompyuta ilinishinda." Felista hakumaliza shule.

Mimi nilipata kazi ya kuchapa kwenye ofisi moja upande wa Mzumbe. Siku ya kwanza alikuja kijana wa mitambo kuniwashia mashine, nayo ilikuwa ya ukoo ule ule, kioo cheusi, kijistari kinapepesa. Nikageuza kiti, nikatazama dirishani.

"Dada, unaangalia nini?" aliniuliza.

"Ingiza tu namba. Sichungulii."

"Namba gani?"

Akabonyeza kile kitufe kikubwa. Kitufe kimoja tu, bila kuandika chochote, wala kioo hakikuungua. Maandishi yakaja makubwa, manene, meupe, kila herufi imekaa peke yake, Mama Felista angeyasoma akiwa mlangoni. Nikamuuliza namba ni ya nini basi. Akaniambia namba inawekwa na mtu anayetaka maandishi yapungue ili mistari mingi ienee. Usipoiweka, mashine inakupa makubwa yenyewe.

Nilitoka nje nikatapika. Sijatia chumvi. Nilijishika kwenye mti wa pale nje na kutapika chai ya asubuhi. Tangu hapo nilimweka Mwalimu wa Kompyuta kwenye kundi la wachoyo. Nilijiambia alijua, akanyima, akafurahi. Niliishi na hasira hiyo muda mrefu, na nikiri ilikuwa hasira nzuri, imenyooka.

Sasa nina duka langu la kuchapa na kutoa kopi pale Msamvu, karibu na stendi. Mwaka huu, mchana wa jua kali, aliingia mzee ameshika simu ya kupangusa kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Viatu vilikuwa vyeusi, soli nene. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, hakunitambua.

"Nimeambiwa hapa kuna binti anakuza maandishi," alisema. "Mwanangu kaninunulia hii simu, sioni hata jina moja."

Niliipokea. Nilimkuzia mbele ya macho yake, mikono wazi, nikimtajia kila ninapogusa: hapa, halafu hapa, halafu vuta hivi.

"Kumbe ni hapo tu?" alisema.

"Ni hapo tu, Mwalimu."

Sauti ndiyo aliyoitambua. Akafurahi! Akawageukia wateja wangu akawaambia, "Huyu nimemfundisha mimi! Kompyuta yote aliyonayo ni yangu!" Na akacheka, meno yamepungua lakini kicheko ni kile kile. Nilisubiri amalize.

"Mwalimu, kwa nini hukumkuzia Mama Felista?"

Alijipapasa koti. Wateja walikuwa wameshatoka.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua nini?"

"Kukuza. Yule kijana wa kizungu aliyezileta mashine alinipa namba moja, akasema niiingize kila nikiwasha. Akaondoka zake. Nyingine sikuwa nayo."

"Ungebonyeza bila namba."

"Ningejuaje? Niliogopa zitaungua, kweli niliogopa. Na mimi nilikuwa nimepunguzwa, binti, nilikuwa mtunza stoo. Ningesema sijui, wangenibakiza pale kwa lipi?"

Nilimtazama. Hasira yangu iliyonyooka ikapinda mkononi. Mchoyo walau ana kitu anachokunyima. Huyu alitugeuza mlimani miaka yote hiyo ili tusione kwamba hana kitu. Mama Felista hakushindwa na kompyuta, wala na macho yake. Alishindwa kwa sababu mwanamume mmoja hakuweza kutamka neno "sijui", na hilo lilinitia kinyaa kuliko leso yake na kucha zake zote.

"Yu hai?" aliuliza.

"Yu hai. Bado anaamini ujinga wake ndio uliomrudisha shamba, mimi nikimwambia sivyo anadhani namliwaza. Mpigie umwambie ulichoniambia mimi. Maneno yale yale tu, hukujua."

"Nitampigia. Haki ya Mungu nitampigia."

Niliiingiza namba ya Mama Felista kwenye simu yake, nikaandika jina, nikampa mkononi. Jina lilijaa kioo kizima. Alichotakiwa ni kuligusa tu. Alilisogeza karibu, midomo ikatamka silabi moja moja, na nikaona amelisoma.

"Hebu geuka huko kidogo," aliniambia.

Na nikageuka. Shingo yangu ilimtii kabla yangu mwenyewe, na ninaichukia kwa hilo. Kutoka mlangoni, juu ya mapaa ya stendi, milima ilikuwa pale pale, na upande wa Bigwa kulikuwa na mabati ya mtu yanang'aa. Nilisikia koti likifunguliwa. Nilisikia akikohoa. Sikusikia simu ikiita.

"Haipokelewi," alisema.

Nikamgeukia, nikaichukua simu, nikaangalia. Hakukuwa na simu iliyopigwa. Yeye alikuwa ameshavaa kofia, anatafuta mlango kwa mkono.

Nilikuwa na uwezo wa kumrudishia herufi zake ndogo. Ni kugusa hapa, halafu hapa, halafu kuvuta. Sikufanya hivyo. Nililiweka jina la Mama Felista mbele kabisa, mahali linapotokea kila simu inapowashwa, nikaliacha kubwa vile vile, nikamrudishia simu yake. Asije akasema maandishi yalikuwa madogo.